Kati ya Zuko na Korra, nani ana kina zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumemaliza kuangalia Avatar: The Last Airbender, kisha The Legend of Korra, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Yeye anasema ya kwanza imeizidi ya pili kwa usimulizi na kwa kina cha wahusika. Mimi naona Korra ameteseka kuliko wote, na hadithi yake inagusa mambo ya watu wazima. Kina cha mhusika kinapimwaje hasa? Je, katuni hizi zinaweza kulinganishwa na The Simpsons au BoJack Horseman, au kila moja ina mizani yake? Na kaka yetu mkubwa, anayesema katuni ni za watoto, tumwanzishie ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kwa jumla niko upande wa mdogo wako, ila kuna msimu mmoja wa Korra ambao ushindi ni wako, tena wa wazi. Tutaufikia.

Tuanze kwa kuweka kando kipimo ulichokitumia wewe, yaani mateso. Mhusika hapati kina kwa sababu ameumizwa. Muulie wazazi, mkate mkono, mfukuze kwao: umemtia uchungu, lakini bado hujaniambia yeye ni nani. Kazi yangu ni kusoma miswada ya vijana wanaotaka kuandika katuni, na kwa jinsi ninavyoona, mhusika mkuu lazima awe yatima aliyeshuhudia kijiji chake kikiteketea. Nikifika ukurasa wa pili najua tayari atafanya nini ukurasa wa ishirini, kwa kuwa moto ule umemwachia jambo moja tu la kutaka maishani, kulipiza kisasi. Ana majeraha mengi, na bado ni bapa.

Hilo neno bapa unalikumbuka kutoka darasani: mhusika bapa habadiliki, mhusika duara hubadilika. Kwa mtihani inatosha. Kwa tamthilia ya katuni yenye sehemu sitini haitoshi hata kidogo, maana mtu anaweza kubadilishwa kila wiki kama nguo na asiwe na uzito wowote. Mimi huangalia mambo mawili. La kwanza, je, mhusika amewahi kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo vyote anavitaka kwa dhati, akijua kimoja atakikosa? La pili, je, hadithi inakumbuka? Alichokifanya sehemu ya tano kinamdai bado katika sehemu ya thelathini, au kimefutwa wiki iliyofuata? Hadithi nzuri ni kama daftari la madeni la mwenye duka mtaani: hata ukipita njia nyingine, jina lako limeandikwa.

Sasa tumpime Zuko. Avatar ilirushwa na Nickelodeon kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008, sehemu 61 katika misimu mitatu, ambayo watunzi wake Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko waliiita vitabu: Maji, Ardhi na Moto. Mwanzoni Zuko ni adui wa katuni tuliyemzoea. Ana kovu, anafoka, anamwinda kila anakokwenda mvulana Aang, ambaye ndiye Avatar, yaani mtu pekee anayeweza kutawala maji, ardhi, moto na hewa kwa pamoja. Kisha inakuja sehemu ya 12, “The Storm”, na Iroh, baba yake mkubwa, anawasimulia mabaharia kovu lile lilitoka wapi. Zuko akiwa na miaka 13 aliingia katika baraza la vita, akasikia jenerali akipanga kuwatoa mhanga askari wapya, akapinga mbele ya watu. Kwa utovu huo wa adabu akatakiwa apigane. Akadhani atapambana na jenerali. Alipogeuka uwanjani, aliyesimama mbele yake ni baba yake mzazi. Akapiga magoti na kukataa. Baba akamchoma uso, akamfukuza nchini asirudi mpaka amkamate Avatar, mtu ambaye dunia haikuwa imemwona kwa karibu miaka mia.

Mbinu rejeshi za namna hii zimejaa kila katuni, na nyingi ni za kutuomba huruma tu. Angalia lakini kinachofuata, dakika chache baadaye. Dhoruba imechafuka, yule nyati wa Aang anayeruka anaonekana mawinguni, na Zuko, ambaye maisha yake yote yamefungwa kwenye windo hilo, anaamuru wamwache aende ili meli ifike mahali salama. Hatangazi kwamba amebadilika, na wala hajabadilika. Sehemu inayofuata anarudi kumwinda. Ila sisi tumeona kwamba yule mtoto aliyewatetea askari hajafa. Hadithi ya zamani imetoka kwenye maelezo ikaingia kwenye tendo. Kama unaandika, rudia sehemu hiyo ukiwa na kalamu mkononi.

Msimu wa pili ndio unaoamua kesi yenu. Zuko amekuwa mkimbizi, hana meli wala cheo, na katika “Zuko Alone” anapita peke yake kwenye kijiji cha Ufalme wa Ardhi ambako askari wa hapo hapo, wa upande ule ule wa wanakijiji, wanawanyanyasa watu. Anamwokoa mtoto wa familia iliyompa chakula na mahali pa kulala. Katika mapigano analazimika kutumia moto na kutaja jina lake, mwana wa mfalme wa Taifa la Moto. Kijiji kizima kinamgeukia. Anampa yule mtoto kisu chake kama zawadi, na mtoto anamwambia anamchukia. Amefanya wema, na wema huo haukumnunulia kitu, kwa sababu jina lake limefika pale kabla yake.

Baadaye anafika mji wa Ba Sing Se, anauza chai na baba mkubwa, anamfungua nyati wa Aang aliyekuwa kizuizini, anaugua homa kali kana kwamba mwili unapigania mtu mpya wa kuwa. Anapona, anatabasamu. Mwandishi wa kawaida angemgeuza hapo, na sote tungepiga makofi. Watunzi hawa wanampeleka kwenye pango chini ya mji, dada yake Azula anamwahidi heshima na kurudi nyumbani, na Zuko anamchagua Azula. Iroh anakamatwa. Mtazamaji anapandwa na hasira, halafu akitulia anatambua kwamba hakuna kilicholazimishwa: tangu sehemu ya kwanza huyu kijana alikuwa akitaka baba ampende, na sasa upendo huo umewekwa mezani. Alipenda maisha ya chai pia. Vitu viwili, vyote anavitaka.

Msimu wa tatu unampa alichokililia. Yuko nyumbani, anashangiliwa, baba anamsifu kwa kumwua Avatar, sifa iliyojengwa juu ya uongo wa Azula. Na hawezi kukaa. Anakwenda gerezani kumtazama Iroh, na mzee hamtazami. Anapoondoka hatimaye na kujiunga na Aang na wenzake, tayari tuko sehemu ya 12 ya msimu wa mwisho, na hakuna anayemkumbatia. Katara, rafiki wa Aang, anamwambia wazi kwamba akiteleza mara moja tu, yeye mwenyewe atamaliza maisha yake. Kwa nini Katara? Kwa sababu ni yeye aliyemwonea huruma kule pangoni, akataka kulitibu kovu lake, dakika chache kabla hajasaliti. Daftari limeandikwa. Analipa kwa mmoja mmoja, na wa mwisho ni Iroh, ambaye hamwachi hata amalize kuomba radhi; anamvuta kifuani. Mzee mwenyewe alimpoteza mwanawe vitani, na hilo tulilijua tangu zamani, kwa hiyo kumbatio lile lina watu watatu ndani yake.

Hapo mdogo wako anaweza kuanza kuringa, basi mwambie na hili. Aang mwenyewe, mhusika mkuu, anaponyoka kwenye swali lake gumu. Amelelewa na watawa kutoua, marafiki zake na hata Avatar waliomtangulia wanamwambia Ozai, baba yake Zuko, auawe, muda umekwisha. Hayo ndiyo mazingira hasa ya kuchagua kati ya vitu viwili. Kisha anatokea kobe mkubwa mwenye sura ya simba, anampa uwezo wa kumnyang’anya mtu nguvu zake bila kumwua. Aang hapotezi chochote. Ni picha nzuri, muziki mzuri, na ni mlango wa nyuma. Nikisema Avatar ina kina, namaanisha kwanza Zuko na Iroh, halafu Azula, ambaye ameshinda maisha yake yote kwa kutisha watu na anavunjika siku marafiki zake wawili wanapoacha kutishika.

Tuje kwa Korra, Avatar aliyezaliwa baada ya Aang kufa. Usilinganishe tamthilia hizi mbili bila kujua zilivyoagizwa, maana sehemu kubwa ya tofauti unayoihisi ilianzia kwenye mkataba. Avatar iliandikwa na chumba kizima cha waandishi chini ya Aaron Ehasz, ikiwa na mwisho unaojulikana: vita itaisha kabla ya nyota yenye mkia kupita. Msimu wa kwanza wa Korra, uliorushwa mwaka 2012, uliagizwa kama hadithi fupi ya sehemu 12 inayojitegemea, na DiMartino na Konietzko waliuandika wenyewe wawili. Sehemu 12 zimebeba mji mpya, utatu wa mapenzi, mchezo wa ligi, mwalimu, familia ya mwalimu na mapinduzi ya kisiasa. Halafu ikaongezwa misimu. Kwa hiyo kila msimu una adui wake na unajifunga wenyewe: Amon, Unalaq, Zaheer, Kuvira. Hadithi ambayo haijui kama kesho ipo hulipa madeni yote leo leo, tena kwa haraka.

Matokeo yake yako wazi mwishoni mwa msimu wa kwanza. Amon anamnyang’anya Korra nguvu za maji, ardhi na moto. Huyu ni binti aliyejitambulisha tangu utotoni kwa nguvu hizo na si kwa kitu kingine. Anasimama kwenye ukingo wa jabali la barafu, analia. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti nikisema sasa ndiyo inaanza. Na ndani ya dakika ile ile anatokea Aang katika roho, anamrudishia kila kitu. Imeisha. Hilo ndilo lile kobe tena, ila baya zaidi, kwa kuwa kobe alimwondolea Aang uamuzi, na huku Korra ameondolewa hasara aliyokwisha kuipata.

Kuhusu mambo ya watu wazima nisikubaliane nawe upesi. Malalamiko ya wafuasi wa Amon ni ya kweli: wenye nguvu za asili ndio wanaoshika mji, na magenge yao yanawatesa wasio nazo. Mada nzito. Lakini Amon anapogundulika kuwa naye ana nguvu za maji alizozificha, umati unatawanyika na malalamiko yanatawanyika nao. Msimu wa pili mji una rais asiye na nguvu hizo, na hatukuonyeshwa hata mkutano mmoja wa namna walivyofika hapo. Kutaja siasa si sawa na kuzisimulia.

Sasa ushindi wako. Msimu wa tatu na wa nne vilitoka vyote mwaka 2014, katika hali ngumu: Nickelodeon iliuondoa msimu wa tatu kwenye televisheni ukiwa katikati na kuuhamishia mtandaoni, na bajeti ya msimu wa nne ikapunguzwa mpaka watunzi wakaamua kutengeneza sehemu moja ya vipande vya zamani kuliko kuwaachisha watu kazi. (Sehemu hiyo unaweza kuiruka. Haikupotezei kitu.) Humo humo ndimo Korra anapopata kumbukumbu. Zaheer na wenzake wanamtia sumu ya metali. Anashinda, na bado mwisho wa msimu tunamwona kwenye kiti cha magurudumu, katika sherehe ya mtu mwingine, chozi likimshuka, na hakuna mzimu unaotokea kumponya.

Msimu wa nne unaanza miaka mitatu baadaye. “Korra Alone” ni sehemu ninayoiweka karibu kabisa na “Zuko Alone”, na sidhani kufanana kwa majina ni bahati. Amejifunza tena kutembea, ameshindwa mapambano madogo, katika marafiki wote amemwandikia mmoja tu, Asami, tena kwa shida, anafuatwa na taswira yake mwenyewe ikiwa imefungwa minyororo. Toph, rafiki wa Aang ambaye sasa ni mzee, anamwambia mabaki ya metali yamo mwilini mwake bado. Anayatoa. Na hofu haitoki! Hapo ndipo mwandishi mvivu angetangaza amepona. Lazima aende gerezani kuonana na Zaheer, aliyemfanyia hayo, na kwa msaada wa huyo ndipo anapita. Hata dunia imeanza kukumbuka: Kuvira amepata utawala kwa sababu Zaheer alimwua Malkia wa Ardhi msimu uliotangulia, nchi ikavurugika, na watu wakahitaji mtu wa kurudisha utulivu. Korra anapomtazama Kuvira mwishoni na kumwelewa, amemwelewa kwa sababu yeye naye amewahi kuogopa kuwa dhaifu. Ukimpima Aang na Korra wa msimu wa nne, Korra ana kina zaidi. Hapo mdogo wako hana pa kutokea.

Umeuliza kama kila katuni ina mizani yake. Kuna jaribio moja linaloonyesha kuwa mambo ni yale yale na muundo ndio unaotofautiana, nalo ni Fullmetal Alchemist. Hadithi ya picha ya Hiromu Arakawa, iliyochapishwa Japani kuanzia 2001 hadi 2010, ilifanywa tamthilia mara mbili na studio ile ile, Bones. Ya kwanza ilirushwa 2003 hadi 2004, sehemu 51, wakati kitabu hakijafika hata nusu, kwa hiyo ikajitungia safari na mwisho wake. Ya pili, Brotherhood, ilirushwa 2009 hadi 2010, sehemu 64, ikamfuata Arakawa hadi ukurasa wa mwisho. Ndugu ni wale wale, Edward na Alphonse, waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, ule ufundi wa kugeuza kitu kuwa kingine. Mkubwa akapoteza mguu na mkono, mdogo akapoteza mwili mzima na roho yake ikafungwa ndani ya vazi la chuma.

Katika ile ya 2003, maadui wakuu, viumbe wenye sura za watu waitwao homunkulasi, huzaliwa kila binadamu anapojaribu kufufua maiti na kushindwa. Yaani kila adui ni kosa la mtu fulani. Mmoja wao ana uso wa mama yao Edward na Alphonse, kwa sababu wao ndio waliomleta, na Edward analazimika kumwangamiza. Sijui njia nyingine ya kuandika kumbukumbu ya hadithi iliyo kali kuliko hiyo: dhambi yako inakufuata ikiwa na sura ya mama yako. Katika Brotherhood homunkulasi wametoka kwa mkuu mmoja aliyejikata dhambi zake saba na kuzipa miili. Ni wazo kubwa, linaipa hadithi nchi nzima, jeshi, historia ya mauaji ya halaiki, na mwisho unaokamilika barabara. Ila maadui hawamhusu tena Edward kwa undani ule.

Muda nao unasema. Maes Hughes, yule afisa anayemchosha kila mtu kwa picha za binti yake, anauawa katika sehemu ya 25 kwenye ile ya kwanza, na katika sehemu ya 10 kwenye Brotherhood. Mazishi karibu yale yale, mtoto yule yule anauliza kwa nini wanamfukia baba. Katika ya kwanza nililia. Katika ya pili niliheshimu tu, kwa kuwa nilikuwa sijakaa na yule bwana vya kutosha. Waongozaji wa Brotherhood walijua watazamaji wengi wamekwisha kuona ile ya kwanza, wakaharakisha mwanzo, na anayeanza nayo leo anaibiwa kidogo.

Lakini Brotherhood inalipa baadaye, na inalipa vizuri. Kanali Mustang, rafiki yake Hughes, anampata aliyemwua Hughes, na anamchoma kwa moto tena na tena, kwa raha. Hawkeye, msaidizi wake anayempenda bila kusema, anamwelekezea bastola kisogoni. Anamwambia akiendelea atampiga, na akimpiga, yeye mwenyewe hatabaki hai. Kifo cha sehemu ya 10 kimesubiri zaidi ya sehemu arobaini, kisha kinamweka mtu kati ya kisasi anachostahili na mtu atakayekuwa akishakipata. Ukiniuliza ipi bora, nitasema Brotherhood kwa usimulizi, ile ya 2003 kwa msiba. Wanaosema lazima uchague moja, waache.

The Simpsons inaonekana kuvunja kanuni yangu yote. Ipo hewani tangu Desemba 1989, imepita sehemu 700, na Bart, mtoto wa familia hiyo, bado yuko darasa la nne. Hakuna daftari. Homer, baba yake, akiharibu mtambo anakofanya kazi leo, wiki ijayo yuko kazini. Sisi wenye kukua na Abunuwasi hatuna sababu ya kushangaa: kila hadithi Abunuwasi anaanza upya, na hakuna anayeuliza kama sultani amesahau alivyochezewa jana. Mhusika wa namna hii hakui. Huonyeshwa upande mwingine wa alivyo siku zote, na hilo likifanywa kwa ustadi linatosha.

Mfano ni sehemu ya mwaka 1995 iitwayo “And Maggie Makes Three”. Homer aliwahi kuacha kazi ya mtambo wa nyuklia, akapata ile aliyoiota, kwenye ukumbi wa kuchezea boulingi. Mkewe akapata mimba ya tatu, mshahara haukutosha, akarudi kwa bosi akipiga magoti. Bosi akamtundikia kibao mbele ya meza kumkumbusha kwamba atakaa hapo milele. Watoto wanauliza kwa nini kwenye albamu ya nyumbani hakuna picha za Maggie. Mwishoni tunaona ziko wapi: Homer amezibandika zote juu ya kile kibao, zikafunika baadhi ya herufi, na zilizobaki zinasomeka kwamba afanye kwa ajili yake, yaani Maggie. Chaguo lipo, hasara ipo, na kumbukumbu ipo ukutani kazini kwake. Wiki iliyofuata hakuna aliyeitaja, na haikuhitaji kutajwa. Hadithi za aina hii zipime kwa sehemu moja moja, usizidai safari.

BoJack Horseman iko upande wa pili kabisa. Netflix iliitoa kuanzia 2014 hadi 2020, misimu sita, mtunzi wake Raphael Bob-Waksberg. BoJack ni farasi aliyekuwa nyota wa kipindi cha vichekesho vya familia miaka ya tisini, sasa ni mlevi tajiri. Katika msimu wa kwanza anaiba herufi ya mwisho kwenye bango maarufu la mlimani linaloandika Hollywood, kwa mzaha tu, na kuanzia hapo karibu mpaka mwisho wahusika wote wanauita mji huo Hollywoo. Mzaha wenyewe umewekwa daftarini. Na kama mzaha haufutwi, basi yule binti Sarah Lynn, aliyecheza kama mtoto katika kipindi chake, ambaye alikuwa ameacha dawa na BoJack akamrudisha kwenye ulevi mpaka akafa, hatafutwa. Misimu mitatu baadaye BoJack ameacha pombe, anafundisha chuoni, amekuwa mtu anayependeza. Ndipo waandishi wa habari wanagundua kwamba siku ile alikaa dakika 17 kabla ya kuita gari la wagonjwa, akijitengenezea maelezo.

Mlinganishe na Zuko, maana wote wawili ni watu wanaojaribu kuwa wema kwa kuchelewa. Iroh alimsamehe Zuko kabla hajamaliza sentensi. Dada yake BoJack, Hollyhock, anamwandikia barua, na sisi haturuhusiwi kuisoma. Tunajua tu kwamba amekata mawasiliano. Tamthilia moja inaamini mlango utafunguliwa ukirudi kweli. Nyingine inasema aliyeumizwa hadaiwi kukufungulia. Nisingethubutu kusema hii ya pili ina kina zaidi kwa sababu tu ni chungu zaidi. Huko tungerudi kwenye kipimo cha mateso. Zina uzito sawa kwa sababu zote mbili zimekataa kusahau, kila moja ikiongea na rika lake.

Kaka yenu msimwanzishie BoJack. Atapenda jina la kuwa ya watu wazima, lakini nusu ya kwanza ya msimu wa kwanza ni mizaha ya kawaida, na atazima kabla haijakolea. Arcane nayo, ya mwaka 2021, itamshika macho mara moja kwa uchoraji wake, ila mtu anayebisha atasema amependa picha tu. Mwekeeni “And Maggie Makes Three”, dakika kama 22, haihitaji maelezo yoyote kabla, na msikae pembeni kumwangalia usoni kama analia. Wiki nyingine mwekeeni “Zuko Alone”, ambayo inasimama yenyewe hata kwa asiyejua lolote kuhusu Avatar: msafiri, kijiji, askari wabaya, mtoto. Akiuliza yule kijana alipataje kovu, ndipo mmrudishe sehemu ya kwanza kabisa, na mumwonye mapema kwamba sehemu nane au kumi za mwanzo ni za kitoto kweli.